Almasi Niliyoipiga Nyundo

Mama Asha wangu,

Huku Shinyanga jua ni kali, nami natembea nimeinamisha kichwa kwa aibu. Nilikununulia pete ya almasi kwa Bi Zuhura, sonara wa hapa. Alinionyesha kwa lenzi doa dogo ndani ya jiwe, akasema ndilo lililoshusha bei. Mimi nikashuku ni kioo. Nikalipiga nyundo, nikiamini almasi haivunjiki. Likapasuka. Nikarudi dukani kumwita tapeli mbele ya wateja.

Akavitazama vipande kwa lenzi. “Baba, almasi ni ngumu, lakini nyundo inaipasua. Hii ilikuwa ya kweli.” Kisha akanifungia michembe, viazi vikavu vya huku, nikuletee.

Pete ninayo, jiwe limo kwenye karatasi. Ipokee tu, ila usinicheke mbele ya watoto.

Mumeo