Mwezi Tatu Siyo Machi

Jumapili, 1 Machi

Nimepewa! Safari ya kwanza ya kayak mikokoni naiongoza mimi, Mwanabaraka wa Kunduchi — siyo kubeba makafi, siyo kuwafunga wageni jaketi za kuelea halafu nabaki ufukweni nawapungia mkono. Kuongoza! Gaspar mwenye kambi kanitamkia mbele ya watu wote, huku anamenya ndizi mchana kweupe, kasahau kabisa kwamba tumefunga. Mchaga wa watu. Nikamsamehe hapo hapo.

Sharti lake ni moja. Wageni wakirudi wameridhika, mimi ndiye kiongozi wa safari zote za majini pale kambini, jina langu linaandikwa ubaoni. Wakirudi wamenuna, anamwita Anwar kutoka Unguja, mwenye vyeti vinne. Vinne! Mimi sina hata kimoja. Nina miaka ishirini na tano ya kuijua bahari iliyo nyuma ya nyumba yetu, ila hiyo hakuna anayeipiga muhuri.

Wageni wenyewe ni sita, wale wa mabegi mgongoni, wanashuka pwani yote toka Mombasa wakitafuta cha kuwatoa jasho. Wamesharuka na parachuti Diani, wameburutwa majini na vishada Paje. Sasa ni zamu yangu. Wanafika wiki ijayo.

Nilipomwambia Mama akasema alhamdulillahi, halafu akaongeza: usivimbe kichwa. Kachelewa. Kimeshavimba.

Jumanne, 3 Machi

Bamvua! Maji yamejaa mpaka ndani kabisa. Saa kumi alasiri nimeingia mikokoni peke yangu na kayak ya njano, kujipima. Kule mwisho matawi yanakutana juu, unapita umeinama, kaa wanakimbilia kwenye mizizi. Ngoja niseme ukweli, daftari hili halisomi mtu: nililia kidogo. Utotoni nilipita humu humu nimekalia dumu, nikirudi nachapwa. Leo watu wanavuka mabara waje kupita nyuma yangu.

Nimefika nyumbani dakika kumi kabla ya adhana. Uji bakuli tatu.

Jumatano, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Atuganile wa mapokezi ndiye anayepanga safari na kuandika matangazo ya mtandaoni. Leo kanigeuzia kompyuta kwa furaha, nione nilivyopendeza kwenye picha. Nimependeza, sibishi. Chini ya picha kuna Kiingereza: kayak mikokoni, mwezi wa Machi tu. Na wageni wameandikwa Jumatano, tarehe kumi na moja.

Nikauliza Machi tu kwa nini. Akashangaa. Si wewe uliniambia mikokoni kunaingilika mwezi tatu?

Mungu wangu. Nilimwambia kweli. Ilikuwa Januari, pale pale mapokezi. Lakini sisi watu wa pwani ukituuliza habari ya maji tukakujibu mwezi tatu, tunasema siku ya tatu tangu mwezi kuandama, bamvua likiwa limepanda. Mama akienda pwani hajui Machi wala Aprili. Anajua mwezi tatu, mwezi tisa, mwezi kumi na saba. Atuganile ni Mnyakyusa wa Tukuyu, bahari kaiona ana miaka ishirini na mbili. Kwake mwezi tatu ni Machi, kwisha habari.

Nikamkumbusha: mbona nilikwambia na mwezi kumi na saba pia? Akanitazama. “Mwana, mie nilijua unanitania. Miezi si iko kumi na mbili?”

Tulicheka tukashika matumbo. Halafu nikahesabu kwa vidole. Tarehe kumi na moja itakuwa mwezi ishirini na moja. Maji mafu! Bahari hainyanyuki, mikokoni litabaki tope la magoti. Kicheko kikakatika.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Gaspar mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Sikumtaja Atuganile. Nimesema nilizungumza Kiswahili cha nyumbani kwetu nikadhani kila mtu anacho. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilijiona najua mno hata nikaona kueleza ni kazi ya bure.

Gaspar hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema tu wageni waambiwe bahari imechafuka, na yeye atampigia Anwar. Nikajibu kwamba sisemi uongo, tena na swaumu yangu. Na Anwar ana vyeti, hana ufunguo wa bahari! Hata aje na vyeti ishirini, maji hayatapanda.

Kacheka kidogo. Lakini simu ilikuwa tayari mkononi. Kanipa mpaka Jumapili nimletee wazo jingine.

Jumamosi, 7 Machi

Mama kanitoa shimoni na wala hajijui. Alikuwa anamenya mihogo ya futari, nikamuuliza maji mafu yana faida gani. Akaniangalia kama nimeuliza chumvi ina kazi gani.

“Si kuvukia! Mkondo wa kwenda Mbudya unalala. Sie na marehemu babu yako tulikuwa tunavukaga kwa kafi maji mafu, tena asubuhi. Bamvua likiwepo, hata wanaume walikuwa wanatulia majumbani.”

Kuvuka mpaka kisiwa cha Mbudya kwa kafi! Kambi yetu huwapeleka wageni kwa boti ya injini, wamekaa kama magunia. Kwa kayak hajawahi kwenda mtu. Nimeshindwa kula muhogo kwa furaha, Mama akauliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 9 Machi

Gaspar kakubali tuvuke. Masharti mawili: boti ya Kapteni Nassibu itatufuata nyuma, na Anwar atakuwa ndani yake. Maana kumbe keshampigia. Kafika leo mchana na begi lisiloingiza maji na salamu nzuri kwa kila mtu. Ni mstaarabu, na hilo linaniudhi. Ningependa awe na maringo, nipate la kusema.

Atuganile kawaandikia wageni ukweli wote, mwezi tatu na Machi, kosa letu lilivyokuwa, na kwamba tutavuka bahari badala ya kuingia mikokoni. Anayetaka kughairi aghairi. Dada mmoja Mnorwei, Ingrid, kajibu kwa niaba ya wenzake. Hawaghairi. Wanataka kujua leo ni mwezi ngapi.

Nikamwambia Atuganile awajibu: mwezi kumi na tisa. Nilijisikia kama mwalimu mkuu.

Jumatano, 11 Machi

Tumevuka. Tumevuka! TUMEVUKA!

Lazima niandike leo leo.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni, kayak saba zimepangwa. Bahari imelala kama mkeka. Niliwaonyesha kisiwa, nikawaambia hakuna mashindano, tunaenda pamoja na tunafika pamoja. Wote wakaitikia. Mholanzi mmoja, Bram, mrefu kama nguzo ya umeme, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Tulipoingia tu majini akachomoka mbele kama anakimbizwa.

Nikamwacha. Mama husema mwenye pupa mkondo humfundisha.

Mimi nilifumba mdomo karibu njia nzima nisimeze maji ya chumvi swaumu ikaharibika. Wageni wakadhani ndiyo weledi. Ingrid alisema baadaye hajapata kuona kiongozi mtulivu vile. Mimi, mtulivu! Shangazi zangu wakisikia watazimia.

Katikati, pale maji yanapogeuka rangi, Bram akakwisha. Mabega yamekufa, kayak inazunguka, kila akipiga kafi anaelekea kaskazini. Hata maji mafu yana mkondo wake mdogo, na mtu aliyechoka haushindi. Nyuma Anwar akapuliza filimbi, akamwonyesha Kapteni Nassibu ishara wasogee wampakie. Nikainua mkono: ngojeni!

Kwa nini niliinua? Hapa naweza kuandika. Nusu yake ilikuwa kiburi. Nilijua akipanda boti, Gaspar atasikia kwamba Anwar ndiye aliyeokoa safari. Lakini nusu nyingine ilikuwa ujuzi: maji yametulia, kavaa jaketi yake, uso wake una aibu na hauna hofu. Nilimtazama vizuri kabla ya mkono kupanda. Angekuwa na hofu ningemwita Nassibu mwenyewe. Naapa ningemwita.

Nikawakusanya wengine, tukazishika kayak zote ubavu kwa ubavu mpaka zikawa kama chelezo. Tukapumzika. Nikaifunga kayak ya Bram kamba, inifuate nyuma. Nikamwambia hapigi kafi mpaka nimwambie, na hapo ndipo nilipofumbua mdomo kwa mara ya kwanza. Akatii kama mtoto. Nikamvuta, sijui ni mita ngapi, mbali, mpaka akasema mikono imerudi. Nikaifungua kamba ili afike kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu hafikishwi kwa kamba halafu akafurahi.

Saa tatu kasorobo kayak zikagusa mchanga wa Mbudya. Zote saba! Walirukaruka, wakakumbatiana, Bram kapiga magoti kaubusu mchanga. Kapteni Nassibu, ambaye hasifu hata chai, aliposhuka nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba halafu akasema: “Kumbe ni mjukuu wa Mzee Suleiman kweli.” Hilo nitazikwa nalo.

Walipiga mbizi na miwani yao mpaka wakachoka, maji yalikuwa meupe unaona mpaka kucha za miguu. Mimi nikakaa kivulini na kiu yangu. Anwar akaja kukaa. Akasema yeye angempakia Bram. Nikasema najua. Akasema angekuwa sahihi. Nikasema hilo nalo najua. Halafu akauliza nilitambuaje kwamba hana hofu. Nikamwambia mtu mwenye hofu haangalii kama wenzake wamemwona.

Kurudi tulipakiwa kwenye boti, kayak zimefungwa nyuma. Siyo kwa kushindwa. Upepo wa mchana ulishaanza, na kiongozi anajua pa kukomea.

Alhamisi, 12 Machi

Siwezi kuinua kikombe. Mama kanikanda kwa maji moto, kanisifu kwa kunisema: mifupa ya baba, ubishi wa shangazi.

Gaspar kasema safari ilikuwa nzuri. Nzuri! Kama pilau. Ubaoni hajaandika kitu.

Jumamosi, 14 Machi

Wageni wameondoka kwenda Kilwa. Kabla ya kuvaa mabegi walimfuata Gaspar: wanarudi kabla ya Idi, wote sita, waingie mikokoni mwezi tatu. Mwezi tatu wa kweli, Bram kasema kwa Kiswahili, kidole juu. Gaspar akanitazama, akatazama dari.

Nimemuuliza wazi wazi. Nimefaulu au sijafaulu? Kasema bado anafikiri. Anwar ana vyeti, mimi nina bahari, na yeye ana kambi moja. Nikatoka kabla sijasema neno la kuharibu swaumu.

Alhamisi, 19 Machi

Mwezi ishirini na tisa. Naandika nimekaa kwenye ngazi za mapokezi, tumeshafuturu, na watu wote wako uani wanatafuta mwezi. Tumeipa bahari mgongo, macho yako juu ya mabati upande wa magharibi. Wageni wamerudi, nao wanatafuta. Ingrid ana darubini. Bram keshaiona mara tatu taa ya mnara wa simu akapiga kelele.

Kuna ubao mpya ukutani. Juu Atuganile kaandika: Safari ya mikokoni. Chini yake maneno mawili yenye nafasi wazi mbele — Tarehe, na Kiongozi. Gaspar alitaka ujazwe leo, wageni wapange mambo yao. Anwar akatoa jedwali lake la maji kupwa na kujaa, akasema Jumapili. Kwa adabu kabisa. Gaspar akasema basi, andika Jumapili.

Atuganile kashika chaki. Hakuandika. Akageuka huku nilipokaa.

“Mwana, mie nilishaandika mwezi tatu mara moja bila kuuliza. Siandiki tena. Ni lini?”

Moyo ulinipasuka kwa fahari. Lakini sikujibu haraka, nimejifunza. Nikamweleza kila mtu, polepole, kwa maneno ya watu wote: mwezi ukionekana leo, mwezi tatu ni Jumapili. Usipoonekana, tunakamilisha thelathini, ni Jumatatu. Maji yatajaa siku zote mbili, jedwali la Anwar halidanganyi. Ila Jumatatu yatafika hadi kule ndani matawi yanapokutana, Jumapili sina hakika. Mwenye kuwapeleka aseme anataka kuwafikisha wapi.

Anwar akakunja jedwali lake, akaliweka mfukoni. Gaspar akajikuna kidevu.

“Ngoja kwanza. Tarehe ataisema kiongozi.”

Hakusema kiongozi ni nani. Lakini kichwa chake kimegeukia kwenye ngazi hizi, na cha Anwar pia, na wazungu sita wameacha kutazama mbinguni. Atuganile kasogeza chaki, kairuka Tarehe, kaiweka kwenye nafasi ya pili na hajaiondoa.

Wingu limekaa juu ya Tegeta. Mama yuko getini, kanyoosha kidole, anasema pale, pale chini ya lile jeusi —