Kamera ya Mwamini na Sherehe Nisiyoruhusiwa Kuiona

Ujiji, Kigoma
19 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Marahaba kwa shikamoo uliyoniletea kwenye simu. Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji Kassimu ameshalizoea joto la Maskati, au bado analalamika? Sisi huku hatujambo. Wifi yako alishikwa na malaria, lakini sasa ameanza kunigombeza tena, ndipo nikajua amepona.

Nimeona simu haitoshi kwa habari hii, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua binti yangu Mwamini husuka nywele hapa barazani, kando ya cherehani yangu. Kila msimu wa harusi alikuwa akirudi na manung'uniko yaleyale. Wanawake wa Ujiji wanapendeza, wanaimba na kucheza, kisha hakuna anayebaki na kumbukumbu. Wapiga video wote ni wanaume, hawawezi kuingizwa ndani, na simu zinazuiwa mlangoni kwa sababu picha huvuja. Akaweka akiba, akasema atanunua kamera yake mwenyewe.

Tulikwenda wote wawili Kigoma mjini, dukani kwa Gervasi, anayeuza vifaa vya umeme vipya na vilivyotumika. Akatushushia kamera kubwa ya kubeba begani. Mimi niliipenda palepale, nikamwambia Mwamini kwamba watu wakiiona tu watamheshimu. Yeye akauliza inarekodi kwenye nini. Kumbe ni ya kanda, na kanda zenyewe siku hizi hazipatikani. Akairudisha.

Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, imebandikwa namba kubwa ya kuvuta picha. Mwamini akailenga saa ya ukutani na kuivuta, akaniita nitazame. Picha ilikuwa imegeuka vipande vipande kama mkeka. Akanieleza kwamba lenzi yenyewe haivuti hivyo, mashine inaitanua tu picha. Tena haikuwa na tundu la kuchomekea maikrofoni.

Alichochagua ni kamera ndogo iliyotumika, imechubuka ubavuni. Alitoka nayo nje akarekodi bajaji zikipita, akarudi akisikiliza kwa visikizio kama daktari anayepima kifua. Pesa iliyobaki akanunua betri ya akiba, kadi za kumbukumbu, kimaikrofoni kisicho na waya cha kubana kwenye nguo, taa ndogo ya betri na stendi ya miguu mitatu. Moyoni nilisema huyu ananunua vikorokoro kuliko kamera. Nilipofika nyumbani nikamshonea mkoba, nikaujaza sponji la godoro ili kamera isigongwe.

Kazi yake ya kwanza ikawa harusi ya mjukuu wa Bi Tatu, kungwi yule yule aliyekufunda wewe. Bibi amezeeka sana, sauti imebaki kama mnong'ono. Familia ilitaka maneno yake kwa bi harusi yahifadhiwe, na yeye mwenyewe alimwambia Mwamini mbele ya watu, "Mwanangu, sitaweza kuyasema mara mbili."

Siku hiyo nilikaa nje na wanaume. Baada ya alasiri, Bi Tatu akiwa ndiyo kwanza ameanza, umeme ukakatika. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa yote, kwa hiyo ni giza. Na jirani akawasha jenereta lake, likaunguruma nyuma ya ukuta wa chumba hicho. Niliinuka hadi mlangoni, nikarudi kukaa. Ningeingiaje?

Wifi yako ndiye aliyenisimulia. Anasema Mwamini hakuuliza mtu. Aliwasha taa yake, akaielekeza ukutani ili isimchome bibi macho, na kamera ikaendelea kwa betri. Kimaikrofoni alikuwa amekibana kwenye kanga ya Bi Tatu, karibu na kidevu. Bibi hakukatisha neno hata moja.

Kesho yake wanawake walikusanyika kutazama. Mama wa bi harusi alikuja hadi barazani kwangu, macho mekundu, akaniambia, "Baba Mwamini, kila neno linasikika. Hata pumzi yake inasikika."

Siku chache baadaye akaja kijana mmoja mwenye ukurasa mtandaoni. Alitaka vipande vya wanawake wakicheza, akaahidi kumnunulia Mwamini kamera mpya kabisa. Mwamini alikuwa anasuka, hakuinua kichwa. "Mlango nilifunguliwa mimi," alimwambia. "Wewe hukufunguliwa." Kijana akabembeleza, akaongeza ahadi, mwisho akaondoka. Nasra, nilikanyaga cherehani kwa fahari hadi nikamaliza mshono mzima bila uzi kwenye sindano.

Sasa anaitwa hadi Rusimbi. Mama mmoja wa huko, Mama Bariki, amemwomba akarekodi sherehe ya kumfunda binti yake Happiness, nao ni watu wa kanisani. Ile kamera iliyochubuka inafanya kazi kila wiki.

Wifi yako anakusalimu sana, na Mwamini anamwamkia shangazi yake. Msalimie shemeji Kassimu na wanao wote.

Anayekuletea barua hii ni mwanamke mwaminifu, na ndani ya bahasha nimeweka kadi ya kumbukumbu yenye video ya ile harusi. Familia ya Bi Tatu imeruhusu uione, kwa kuwa wewe ni mwari wake. Mimi sijaona hata dakika moja, wala sitaona. Funga mlango, utazame peke yako au na wanawake wenzako. Kisha uniandikie, uniambie mwanangu anaifanyaje kazi yake.

Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Abdulatif