Nimeiua Pedali ya Mama Mkwe kwa Makusudi

Shangazi Kuluthumu, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi maana hapa nilipo hata chai haipiti vizuri. Mimi ni Erica, naishi Nkuhungu na mume wangu Charles, yeye anafanya kazi ofisini mjini, mimi nilisoma ufundi wa umeme na sasa natengeneza pedali za gitaa hapa nyumbani, vile viboksi vya chuma ambavyo mpiga gitaa anavikanyaga ili sauti iwe na mwangwi au ikwaruze, wananiletea vijana wa bendi za makanisani, pedali ikifa naifufua, na mtu akitaka sauti nyingine nabadilisha vitu ndani mpaka aridhike.

Sasa baada ya mavuno mama mkwe alikuja kutoka Kibakwe kutibiwa goti, akawa anakaa karibu na meza yangu ananisikiliza nikijaribu pedali, siku moja akasema, "Mkwe, hilo gitaa lako sauti yake imeoga mno," nikacheka, nikamuuliza mama unataka iweje, akaingia chumbani akatoka na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kumbe alifundishwa na marehemu baba yake ingawa watu walisema si ya wanawake, akanionyesha tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, akasema huo utando ndio unaoifanya ivume kama nyuki, bila huo ilimba haijasema kitu. Shangazi, nilisisimka! Nikabandika kinasa sauti kidogo chini ya ilimba, nikakiunganisha na pedali ya kukwaruza, nikawa nabadilisha dayodi, vile vijidude vya ndani vinavyoikwaruza sauti, kimoja baada ya kingine na yeye anasema bado, bado, hiyo sasa inauma meno, mpaka tukaipata, akainuka na goti lake bovu akasema "Hiyo! Hiyo hapo!" akapiga akaimba Kigogo mpaka majirani wakaja na watoto migongoni, na tangu siku hiyo kwetu ni sherehe kila jioni.

Tatizo ni kwamba Jumamosi wifi yangu Devota, kitinda mimba wa mama, anaolewa, na mama amesema atampigia bintiye ilimba ukumbini kwa pedali ile ile, maana ilimba peke yake haisikiki mbali. Charles ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi na amealika wakubwa wake wa kazini, akanivuta hadi jikoni akaniambia, "Mama na ule mkwaruzo mbele ya mkurugenzi wangu? Mwambie pedali imeungua, haiponi." Nikakataa, akanisihi, akasema kazi ya mke ni kumsitiri mumewe, basi nikaifungua nikatoa transista, kile kijidude kinachokuza sauti, nikaificha kwenye kopo la vifungo, nikamwambia mama pedali imeungua. Hakukasirika hata kidogo, alinishika mkono akasema, "Usijilaumu mwanangu, jaribu tena kesho, mikono yako naijua," na sasa kila asubuhi ananiletea chai mezani, anakaa kunitia moyo huku mimi najifanya natengeneza. Nikisema ukweli nitamvunjia mume wangu heshima kwa mama yake, nikinyamaza nitamwona mama amekaa ukumbini mikono mitupu. Nifanye nini?

Erica, Nkuhungu

*

Marahaba, Erica mwanangu.

Kwa kuwa gazeti lingetoka baada ya harusi, nilikupigia simu. Niliyokuambia nayarudia hapa ili na wenzako wayasikie.

Barua yako niliisoma nikacheka hadi nikajifuta machozi, kisha nikafika kwenye lile kopo la vifungo, nikanuna. Wewe unayefufua vitu, umeua kimoja kwa mkono wako, halafu unakunywa chai ya uliyemuulia! Haya, najua ulibanwa. Kumsitiri mume ni jambo jema, hata mimi nimemsitiri wangu mara nyingi. Lakini kusitiri ni kufunika aibu yake, si kumshonea uongo auvae mbele ya mama yake. Uongo huo ni wake. Kama anaona haya, akaseme kwa mdomo wake.

Kwa hiyo weka chai chini. Rudisha transista mahali pake leo, mchana, pedali ilie. Kisha mwambie Charles kwa upole kwamba imepona na haitaugua tena. Mpe nafasi azungumze na mama yake kabla yako, wala usimsemee. Akimaliza, wewe nawe mwombe mama msamaha, kwa maneno machache, bila kumtupia mtu mwingine mzigo. Na ukumbini fika mapema ujaribu spika, maana harusi haina marudio.

*

Barua ilikuwa tayari kwenda kuchapwa Erica aliponitumia ujumbe, naye ameniruhusu niuweke.

"Shangazi, nilifanya kama ulivyosema. Charles alinuna nusu siku, kisha akaenda kukaa na mama, akamwambia, 'Mama, wageni wa Jumamosi ni watu wakubwa.' Mama akamuuliza, 'Hao wakubwa hawana mama zao?' Charles akaanza kucheka, na akamweleza yote mwenyewe. Nilipokwenda kuomba msamaha mama akasema, 'Siku nyingine ukitaka kunidanganya, usinywe chai yangu.' Tukakumbatiana.

Ukumbini Charles ndiye aliyebeba spika. Mama alipogusa ilimba na ule mvumo ukatoka, akina mama wa Kibakwe walipiga vigelegele, na Devota akaondoka kwenye kiti cha bibi harusi, akavua viatu, akaenda kucheza mbele ya mama yake. Wakubwa walisema nini sijui, maana hakuna aliyekuwa amekaa. Jana nimetoka sokoni nimemkuta mume wangu mkekani na tai yake ya kazini, vidole gumba vimemvimba, mama anamwambia, 'Siyo hivyo. Rudia.'"