Siku Niliyompa Mkwe Mgongo

Yustina mwanangu,

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike, na bado nikianika michembe ya viazi natenga fungu lako la kukutumia kwa treni. Hapa Cheyo mambo ni yale yale. Bado nafagia hospitali, na shangazi yako bado anaanza kukohoa padri akianza kuhubiri. Ila nimejua jambo, nalo sharti nikuambie.

Mimba ya kwanza ilipoharibika, wakwe zako walisema mizimu imekasirika. Ukavalishwa shanga, ukachinjiwa mbuzi. Ya pili wakasema ni mdomo wako, eti unamfokea mumeo. Ukacheka, ukaniambia, "Mama, kama kufoka kunaua, baba angekufa zamani." Ya tatu ikaondoka nawe.

Baada ya mazishi, dresa wetu, yule anayechoma sindano, aliniita kando. Damu yako ilikuwa imepimwa ulipoletwa hapa hospitalini. Kaswende, akasema. Mwanamume hutokwa na kidonda kisichouma, kikapona chenyewe, naye akajiona mzima. Kumbe ugonjwa umeingia damuni. Humwambukiza mkewe, na mtoto hufia tumboni. Na dawa ipo, Yustina! Tangu vita viishe wazungu wanaleta penisilini. Hata mjamzito huchomwa, na mtoto akazaliwa hai. Sharti mume na mke watibiwe wote wawili, na wamalize sindano zote.

Nilikaa chini, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Maana nilimwona, mwanangu. Mwaka ule mliooana nilimwona mumeo kwenye mstari wa sindano, mstari ambao sisi wafagiaji tunajua ni wa ugonjwa gani. Mkwe wangu! Nikafanya kama mama yangu alivyonifunza, kwamba mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni: nikajifunika kanga usoni, nikampa mgongo, nikajibanza nyuma ya mlango wa stoo. Naye aliniona, akatoka mbio. Dresa anasema alikuwa amechomwa mbili tu, na aliambiwa akulete. Hakurudi tena, kwa kuogopa kukutana na mama mkwe na fagio lake. Na mimi nikajisifu kwa adabu yangu. Ulipokuja Krismasi tulipika pamoja siku nzima, nisikuambie hata neno. Mambo ya mkwe hayasemwi, ndivyo nilivyojiambia.

Adabu gani hiyo? Namlaani yeye, kisha najilaani mimi. Alikaa kimya huku mama yake akikuita mchawi wa wanao mwenyewe. Kaburini alilia kuliko watu wote, nami nikamwonea huruma. Huruma!

Sasa nasikia amechumbia binti wa kijiji cha Lusu. Msichana mdogo, wanasema, mchapakazi, mcheshi. Kama wewe.

Ijumaa napanda treni kwenda Usoke, kwa mumeo. Nitasimama mbele yake uso wazi, nimwite kwa jina lake ambalo sijawahi kulitamka, nimwambie: twende hospitali, na binti wa watu hutamgusa mpaka upime na umalize sindano zote. Akikataa nitafika Lusu kwa miguu yangu, nimwambie mama wa binti kila kitu, kwa maneno yaliyo wazi. Watasema kufiwa kumenitia wazimu. Waseme. Nakuahidi, mwanangu, safari hii sitajifunika.

Kwaheri, Yustina. Wakumbatie wanao watatu. Usinisamehe bado. Ngoja kwanza nifike Usoke.

Mama yako