Nyumba ya Uzee Wetu Kule Busia

Baba Awor wangu,

Hujambo huko ulipo? Mimi sijambo ya kusema tu. Leo nakuandikia waziwazi, atakaye asome, kwa sababu Busia nzima inasema Fundi Ogwang amenidhulumu nyumba. Wanasema mjane wa watu amenyang'anywa mchana kweupe. Nimechoka kumtetea kwa mtu mmoja mmoja pale sokoni. Wakinisikia wanatikisa vichwa, wanadhani woga umenishika ulimi. Wewe ulikuwapo. Wewe unajua nani alisema nini.

Tuanze na wewe, maana wewe ndiye uliyeanza. Mwaka ule kabla ya uhuru ulirudi kutoka kazini na taa yako ya reli mkononi, hata kofia hujavua, ukaniambia umenunua nyumba. Nikakuuliza nyumba ya nini, na sisi tuna kota ya reli hapa Tororo, bati juu, simenti chini, na bado miaka tisa mpaka ustaafu? Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukasema kota ni ya kazi, na kazi ikiisha wenyewe wanataka ufunguo wao. Kwenu Kisoko nako ndugu zako walikuwa wameshalima kipande chako mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa nimebaki na wasichana wawili tu. Ulijua ukitangulia wewe, mimi Kisoko sitakaa hata mwezi. Ndiyo maana ulitafuta Busia, karibu na kwetu Bulumbi, mahali ambapo nikiita mtu kwa Kisamia ataitika. Wenzako wa reli walikuwa wakinunua redio na baiskeli. Wewe ulikuwa ukiwaza uzee wa mkeo, na meno yako yote bado yamo kinywani.

Tulikwenda kuiona siku yako ya mapumziko. Vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, jiko nje, baraza linalotazama barabara ya kwenda mpakani. Ulipima kila chumba kwa hatua zako ndefu. Hapa kitanda chetu, hapa binti zetu Awor na Achieng wakija na watoto wao, hapa barazani viti viwili. Ulinionyesha hata upande kitakapokaa kiti changu, ili jua la jioni lisinipige machoni. Nyuma ulichimba shimo ukapanda mparachichi, ukasema tukihamia tutakuta unazaa. Nilikuomba tulale pale japo siku moja, tuwashe moto wetu wenyewe, ndipo tuwape watu nyumba. Ukasema treni ya asubuhi haitakungoja. Haya, tukafunga mlango tukarudi Tororo, na mimi nikanuna njia nzima.

Nyumba isipokuwa na watu mchwa wanaimaliza, kwa hiyo ukatafuta mpangaji. Akaja Ogwang, fundi cherehani kutoka Lango, na mkewe, na mtoto wao mchanga wa kike aliyeitwa Atim. Jina hilo kwao ni la mtoto aliyezaliwa ugenini. Mlicheka pamoja, kwa kuwa Dhopadhola yako na Kilango chake vilikuwa vinaelewana. Ukaniambia huyu ni ndugu. Nikakwambia huyu ni mpangaji. Ukanikasirikia siku nzima, wala hukula viazi vyangu.

Lakini haki yake nampa. Kodi aliileta mwenyewe mpaka Tororo kila mwisho wa mwezi, na akitoka kwao alituletea simsim iliyosagwa. Gauni langu la maua ya njano, lile ulilopenda, alilishona yeye. Atim alipokua kidogo akawa anakuja naye, amekaa mbele kwenye baiskeli, shida yake kuona treni tu. Ulimbeba mabegani mpaka karibu na njia ya reli, ukampa bendera yako ya kijani apunge. Treni ikaondoka. Yule mtoto alirudi nyumbani anajua kabisa kwamba yeye ndiye aliyeiondoa, na wewe hukumwambia vingine.

Alikuwa hajatimiza miaka minne. Masika yale makubwa, Fundi alikuja peke yake asubuhi, matope mpaka magotini, baiskeli imemshinda ameiacha njiani. Alisimama mlangoni pa kota akakataa kuingia. Homa ilikuwa imemchukua Atim. Barabara ya kwenda kwao Lango imekatika, malori hayapiti, na hata yangepita, ni mwendo wa siku mbili na maiti ya mtoto. Alisema, "Mzee, mimi sina mahali ya kuweka mtoto yangu."

Hapa ndipo watu wa Busia wanapoiharibu habari hii. Wengine wanasema Fundi alimzika kwa ujanja, bila sisi kujua. Wengine wanasema ni wewe, moyo wako ulikuwa laini mno, ukatoa ruhusa bila kuniuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, hao wa pili nimewaacha waseme. Kuna siku nimesema hivyo kwa mdomo wangu, nikakutupia wewe mzigo kwa kuwa huwezi kujibu. Naomba radhi, Baba Awor, mbele ya kila anayesoma.

Ukweli ni huu. Ulinigeukia mimi, ukaniuliza, "Mama Awor, wewe unasemaje?"

Na mimi nilijua. Wewe ulikuwa mtu wa reli tangu ujana, mambo ya nyumbani ulikuwa umeyasahau nusu. Ulidhani ni shimo dogo tu nyuma ya nyumba, na muda ukifika Fundi atahama kama wapangaji wengine wanavyohama. Mimi nilijua vizuri kabisa. Kwetu Bulumbi, kwenu Kisoko, na kwao Lango, hilo ni moja. Mahali mtu alipomzika mtu wake hapo ni kwake, hakuna wa kumwondoa, hata uwe na karatasi yenye mihuri kumi. Nilijua kwamba nikikubali naigawa nyumba yetu. Lakini nilimtazama mwanamume yule na matope yake, nikamkumbuka Opendi wetu, yule wa kwanza, tuliyemlaza Kisoko akiwa na miezi minane, na jinsi nilivyorudi Tororo sijui mikono yangu niiweke wapi. Nikasema, "Mpe."

Neno moja tu. Ukavaa kofia, ukafuatana naye kwenye mvua, ukamchimbia mtoto kwa mikono yako karibu na mparachichi wako. Uliporudi uliniambia nimefanya vyema. Sikukwambia nilichokuwa nimefanya.

Miaka ilipokuwa inakwisha ukaanza kukusanya vitu vya Busia. Ulileta taa mpya ya mafuta ya taa. Ulileta vile viti viwili vya mbao, ukavifunga magunia visichubuke, ukavipanga ukutani, na kila jioni ukavigusa kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Mara ngapi nilifungua mdomo? Nilikuwa nasema kesho. Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu, na wewe ukaanguka kazini kwenye jua la saa sita, ukaondoka hata kuaga hukuniaga. Ulikufa ukidhani una nyumba. Sijui kama hilo nilikufanyia wema au ubaya.

Tukakuzika Kisoko karibu na Opendi. Siku ya tatu kaka yako aliniuliza nitaondoka lini, maana kibanda nilicholala wanataka kuwekea pamba. Kota nayo wakaja kuomba ufunguo, kwa adabu kweli, wakanipa muda wa kufungasha. Nikaenda Busia, maneno yangu nimeyapanga moyoni tangu Tororo. Nikamwambia Fundi wakati umefika, naihitaji nyumba yangu.

Alisimamisha cherehani. Hakubisha. Alisema, "Tutatoka, mama. Nyumba ni yako. Lakini Atim tunaacha na nani?" Mkewe aliingia jikoni akaanza kutoa sufuria nje, moja moja, anazipanga uani hapo karibu na kaburi, halii. Angelia ningeweza kumvumilia. Nilimwambia arudishe sufuria zake ndani.

Awor alikuja kutoka Jinja akawaka moto. Akachukua karatasi yako ya kununulia nyumba, akanikokota mpaka kwa chifu. Chifu aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza nani amezikwa pale. Nikamwambia mtoto wa Fundi. Akauliza kwa ruhusa ya nani. Nikajifunga upya kitambaa cha kichwa. Akaikunja karatasi akanirudishia kwa mikono miwili, na Awor mpaka leo hajanisemesha vizuri.

Sasa nakaa chumba cha nyuma. Fundi ndiye aliyenipa, na siwezi kusema wananitesa. Chakula wananipakulia mimi kwanza. Viti vyako viko barazani, kimoja wanakalia wateja wanaongoja suruali zao. Kile changu hakikukaa upande ule uliosema, na jua linanipiga machoni kila jioni. Wapita njia wakiuliza yule mama ni nani, wanaambiwa ni mgeni wa kwa Ogwang. Mparachichi wako unazaa vibaya sana, unazaa mpaka matawi yanainama, lakini mama yake Atim hali tunda lake wala hauzi, na mimi siwezi kula peke yangu. Yanaanguka, yanaoza, asubuhi nayafagia kutoka juu ya kaburi la Atim. Lako sijalifagia tangu tulipokuzika. Kisoko sina wa kumfikia.

Juzi nilimwomba Fundi jambo lile lile alilotuomba sisi. Nilimwuliza, siku yangu ikifika, atanilaza hapa nyuma? Nafasi ipo. Alikata uzi kwa meno. Akasema, "Mimi nakubali, mama. Lakini ndugu ya mzee watakubali?"

Hawatakubali. Mke wa mtu wa Kisoko huzikwa Kisoko. Hao hao walioniuliza siku ya tatu naondoka lini watakodi lori kuja kunichukua, na watalia njia nzima.

Basi tutaonana huko Kisoko, wewe na mimi na Opendi, nikiwa sijui kwamba nimefika. Utaniuliza nyumba yetu ya Busia nimemwachia nani. Nitakujibu lile neno langu moja. Safari hii usiniambie nimefanya vyema. Nigombeze, Baba Awor, nigombeze sana, maana huku hakuna hata mmoja wa kunigombeza.

Mkeo, niliyesema mpe,
Mama Awor