Wadii Alivyokosa pa Kukimbilia

Sheikh Radwani, niliyoyaona leo kanisani kwa majirani zetu bado siyaamini.

Wakristo wamemchagua Wadii, yule fundi saa, awe kasisi wao. Wiki nzima amewakwepa. Leo aliingia ibadani bila hofu, kwa kuwa kwao mume hafanywi kasisi mpaka mkewe aridhie, na wake, Nargisi, alikwisha kumwambia hataridhia kamwe.

Askofu akauliza: "Binti yangu, umeridhia?"

"Nimeridhia, baba."

Nimeridhia! Wadii akageuka kama aliyemwagiwa maji. "Nargisi! Si ulikataa?"

"Wewe nilikukatalia. Mungu nimkatalieje?"

"Mimi nina hasira, jamani! Juzi tu nimemtukana mteja!"

Ajuza mmoja akadakia: "Ulinitukana mimi, mwanangu. Nimekusamehe, piga magoti!"

Wadii akanitazama mimi, Sheikh, mimi Mwislamu, eti nimwokoe. Nikainamisha macho.

Ndipo akapiga magoti. Mkono wa askofu ukatua kichwani pake. "Sistahili," akalia. Kanisa zima likamjibu: "Anastahili!" Mara tatu alilia, na mara tatu wakamjibu vivyo hivyo.

Kisha, kwa sauti ndogo mno: "Nargisi, usiondoke."

"Siendi popote," akasema mkewe. "Inama."

Akainama.