Programu Haikuzima

Watamu, Jumanne, Machi 1986

Haikuzima. Wiki nzima mtu akikosea nambari tu, programu niliyoiandika ya kupangia wageni wa hoteli vyumba hukatika na majina yote hupotea. Meneja alishasema kompyuta irudi Nairobi, nami nirudi kupiga taipu.

Jana niliongeza mistari michache: kosa likitokea, programu isife, ilinase na kuuliza upya.

Leo wageni wamejaa mapokezi, Bi Kadzo, karani wa hapo, akabonyeza herufi mahali pa nambari. Akashika kichwa. "Nimeiua tena, mwanangu."

"Soma kwenye kioo, mama."

"Yasema nimekosea, niandike tena." Akaandika. Majina yote yalikuwepo.

Meneja alikuwa nyuma yetu. "Basi ibaki," akasema, "na wewe ubaki nayo."

Umeme ukikatika sijui nitafanyaje. Lakini leo nimeshinda.